Mikwaruzo Miwili

Tampere, Januari. Jua limechungulia saa nne asubuhi,
saa tisa limekwishaondoka kama mtu aliyekuja kudai akakuta mlango umefungwa.
Sisi tuko chini, chumba kisicho na dirisha,
tumevaa nyeupe toka utosini hadi kisiginoni.
Macho tu yamebaki nje,
na macho ya Aulikki yamechoka.

Kazi yetu ni kupaka.
Fedha, nanomita kumi. Kioo, kumi.
Fedha tena. Kioo tena.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba chetu kikishajaa
unywele wa paka wake bado unakishinda unene
mara mia.

Kitendawili! akasema Jalmari, mkuu wa maabara,
siku ya kwanza, kahawa mkononi.
Tega!
Nyumba yangu haina mlango wala ukuta.
Mgeni akitikisika kwa ubapa, anakuta chuma.
Mgeni yuleyule akitikisika kwa wima, anakuta kioo.
Tukakuna vichwa.
Nipeni mji.
Tukampa Turku.
Akaenda Turku, akala samaki wa moshi, akashiba, akarudi:
Mgeni ni nuru. Nyumba ni hii mtakayoijenga.

Maana nuru, kokote ipitapo, hutembea na duara lake,
na kilicho chembamba mno hakiingii duarani.
Mistari midogo, nyufa, vinyweleo vya vitu,
habari zao hufia kizingitini,
hatua moja tu kutoka zilikozaliwa.
Lakini panga fedha na kioo, tabaka juu ya tabaka,
na duara linapasuka:
mikono miwili inatupwa nje, huku na huku,
haikutani tena,
na katikati yao hata chembamba kinapata njia.

Karatasini.

Maabarani fedha ilikataa kulala.
Ilijikusanya vishanga vishanga, kama jasho puani.
Sahani ya tatu tukaitupa.
Ya saba nikaitukana.
Ya tisa ilikuwa nzuri hadi tabaka la kumi na nne,
kisha umeme ukakatika dakika mbili
na pampu ikapumua hewa ya dunia.

Ni Aulikki aliyesema habari ya baba yake.
Alipaka nyumba za mbao, rangi ile nyekundu ya mashambani,
na kila mara alianza na mafuta, mkono mmoja, mwepesi.
Ubao mkavu, alisema mzee, hupokea rangi kwa kinyongo.
Basi chini ya fedha tukatandika jerimani,
nanomita moja. Moja!
Na fedha ikalala
kama shuka iliyopigwa pasi.

Sahani ya kumi na moja. Ijumaa, usiku.
Tabaka ishirini ndani ya kijibonde,
na chini kabisa mikwaruzo miwili iliyokatwa kwa mwali wa ayoni,
mwanya wake mdogo kuliko nusu ya wimbi.
Kwa darubini ya kawaida ni mmoja, mnene, wa ukungu;
ungeapa mahakamani kuwa ni mmoja.
Tukawasha urujuanimno, ambao hatuuoni,
kamera ndiyo hutuonea.
Picha ikaja polepole, punje kwa punje.

Aulikki hakupiga kelele.
Aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye glavu,
hapa, halafu hapa.
"Kaksi," akasema. Miwili.
Nikaandika daftarini mkono ukitetemeka,
nikaikosea hata tarehe.

Tulitoka saa saba usiku. Theluji ilikuwa ikilia chini ya viatu.
Ng'ambo ya ziwa, mbali, taa iliwaka.
"Kuna mtu bado yuko macho," nikasema.
Aulikki akasimama. Akafinya jicho moja,
pumzi yake ikining'inia mbele ya uso.
"Subiri, Vesa," akasema.
"Usimhesabu bado."